Wageni wanakuja chuoni, na mimi nimechaguliwa kuongea nao

Najua nimepotea wiki mbili nzima, wengine mmeshaanza kusema nimedisko. Hapana jamani, bado nipo, na sapu yangu moja nitaifuta Mungu akipenda.

Kilichonipoteza ni ugeni. Chuo chetu (jina kapuni) kinasubiri jopo la watu wa nje watakaokuja kutathmini ubora wa taaluma. Basi bwana, kuta zinapakwa rangi, vimbweta vilivyovunjika tangu nipo mwaka wa kwanza vimepigwa plasta, na maji yanatoka bwenini hadi ghorofa ya tatu! Natamani wageni wawe wanakuja kila mwezi, teh teh.

Mimi ni mmoja wa wanafunzi sita watakaokaa na jopo. Juzi tuliitwa kikao. Mhadhiri mmoja, mzee ninayemheshimu sana, akatuambia kwa upole, "Wanangu, mgeni haonyeshwi chumba chenye nguo chafu." Ujumbe tukaupata. Maktaba tuseme inatosha, na ile kozi iliyokaa wiki saba bila mwalimu tusiitaje.

Usiku sikulala vizuri. Mtu anayesoma historia akikosa usingizi hukimbilia huko nyuma, kwa hiyo kesho yake nikaingia maktaba na swali moja: hivi hawa watu wa nje walianza lini kutukagua?

Jibu ni kwamba walikuwepo kabla hata chuo hakijawepo.

Mwaka 1943 Waingereza waliunda tume ya elimu ya juu katika makoloni, ikiongozwa na Jaji Asquith, na ripoti yake ikatoka 1945. Mpango wake ulikuwa hivi: vyuo vijengwe huku, lakini vifungamane na Chuo Kikuu cha London. Nyinyi mnafundisha, London inatoa shahada. Makerere iliingia kwenye mpango huo mwaka 1949. Walimu wa Kampala walishirikiana na wenzao wa London kutunga mitihani na kusahihisha, na mtaala uliweza kubadilishwa ufae mazingira ya huku, ila neno la mwisho lilikuwa la London.

Zamu ya Dar es Salaam ikafika tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya uhuru. Chuo kilianza na kitivo kimoja cha sheria, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Wanafunzi wenyewe walikuwa wachache, hawajazi hata daladala. Na chuo nacho kikawa chini ya London. Yaani Desemba bendera ya Mwingereza inashuka, lakini mwanafunzi wa sheria pale Lumumba bado mtihani wake unamtazama Mwingereza.

Zamani ningesema huo ni ukoloni mamboleo na kufunga daftari. Siku hizi naona upande wa pili pia. Chuo kimeanza haraka, tena kwenye jengo la chama cha siasa. Nani angeamini shahada yake? Ule muhuri wa London uliwalinda wale vijana, hakuna aliyeweza kuwaambia wamepewa cheti cha chama. Ulibana na kulinda kwa wakati mmoja.

Mwaka 1963 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Mwaka 1964 Dar ikahamia Mlimani. Hapo ndipo idara yetu ya historia, chini ya Terence Ranger, ilipoanza kuuliza maswali ambayo hayakutoka London. Mwaka 1968 wanafunzi walirudi makwao kuwahoji wazee waliokumbuka vita vya Maji Maji, na walichokusanya bado tunakisoma. Wadau, hapo neno ubora lilipata maana nyingine. Lilikuwa kufanana na London, sasa likawa pia kujibu maswali yenu wenyewe kwa kazi ambayo mtu yeyote anaweza kuikagua.

Tarehe 1 Julai 1970 kile chuo kikuu cha pamoja kiligawanyika vikawa vitatu, kimoja kila nchi. Mkoloni keshaondoka, London hailazimishi tena, lakini mtahini wa nje akabaki. Mpaka leo kuna profesa wa chuo kingine anayepitia karatasi zetu. Tulimbakiza wenyewe, maana tulijua mwalimu akijisahihisha peke yake atajipa A.

Vyuo binafsi vilipoanza kuja, mtahini pekee hakutosha, ikabidi chuo chenyewe kikaguliwe. Mwaka 1995 sheria ikaunda Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu, na mwaka 2005 nafasi yake ikachukuliwa na TCU. Baraza la vyuo vikuu la Afrika Mashariki lenye makao Kampala nalo likaanza mwaka 2006 kujenga utaratibu wa pamoja wa ubora, likisaidiwa na shirika la Kijerumani la DAAD. Na haya mambo yana meno: mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya.

Ila kuna tofauti moja kubwa. London ilimkagua mwanafunzi. Utaratibu wa sasa unaanza na chuo kujikagua chenyewe na kuandika ripoti, halafu jopo linakuja kulinganisha karatasi na hali halisi. Kwa hiyo mkaguzi wa kwanza ni sisi. Tukidanganya, tumejidanganya kabla hatujamdanganya mgeni. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua.

Nikamwambia roommate wangu. Hakucheka. "Wewe ongea tu," akasema, "wakiisimamisha programu mimi wa mwaka wa tatu naenda wapi? Baba ameuza ng'ombe wawili nifike hapa." Sikuwa na jibu. Hata sasa sina jibu zuri.

Jana nikajikaza, nikaenda ofisini kwa yule mzee. Nikamwambia, "Shikamoo mwalimu, ile kozi nitaitaja." Akaitikia marahaba, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwenzangu alistaafu, hakuletwa mtu. Mimi nafundisha kozi nne peke yangu. Hiyo ya tano ndiyo iliyonishinda."

Jamani! Kumbe nguo chafu aliyotaka tuifiche ni mzigo wake mwenyewe, na tukiuficha, hakuna atakayeletwa kumsaidia. Tukakubaliana hivi: kozi itaandikwa kwenye ripoti, pamoja na sababu yake na ombi la kuletewa mhadhiri. Mkuu wa idara bado hajasaini.

Jopo linaingia Jumatatu. Watakaa siku tatu, wataondoka, na rangi itaanza kubanduka mvua zikija. Sisi tutabaki. Mngekuwa nyinyi kwenye kile kiti mngesema nini?

Niombeeni. Alamsiki.