Sanda au shuka?

Anayefasiri habari za nguo za kale za Paracas, pwani ya kusini ya Peru, huvutwa haraka na neno "sanda". Si ajabu, maana zilitoka makaburini. Kuanzia mwaka 1927, mwanaakiolojia Julio C. Tello na wenzake walifukua mafurushi 429 ya maiti huko Wari Kayan, yaliyotunzwa na ukavu wa jangwa kwa takriban miaka 2,000.

Lakini sanda kwetu ni nguo nyeupe, haina pambo. Sasa sogea uitazame nguo moja ya Paracas. Imetariziwa kwa sufu ya wanyama wa jamii ya lama na alpaka: watu wanaoonekana kama wanaruka, nywele zikipeperuka nyuma, wengine wameshika vichwa vilivyokatwa. Umbo ni lile lile, safu kwa safu, rangi tu ndizo zinazobadilishwa. Kitambaa hakikukatwa, kilitoka kwenye mtambo wa kufumia kikiwa na kingo zake zote nne, kipana cha kujitanda mabegani. Hiyo ni shuka, tena ya mtu mwenye hadhi. Ndani ya mafurushi mna vilemba pia, hata winda (nguo ya kufunga kiunoni na kupitisha katikati ya miguu).

Sanda nayo imo: vitambaa vikubwa vya pamba tupu vilivyozungushiwa maiti na nguo zake.

Basi, mfasiri, ile ya pamba tupu iite sanda. Iliyotariziwa iite shuka.