Maprofesa Waliouliza na Daftari la Tungue

Tarehe 3 Februari ni siku ya Mashujaa kwetu Msumbiji. Siku hiyo kijana mmoja wa Kikongo, jirani yangu hapa kambini, aliniuliza: "Mwalimu, huyu Mondlane wenu alikuwa jenerali?" Nikamwambia hapana, alikuwa profesa. Akacheka. "Sasa profesa anapiganaje vita?" Makala hii namwandikia yeye, na wewe msomaji mwingine mwenye swali kama lake, uwe unalala kwenye hema au umekuja na gari la shirika.

Eduardo Mondlane alizaliwa mwaka 1920 Gaza, kusini, mbali kabisa na ghuba yetu ya Tungue. Akasoma mpaka akapata shahada ya udaktari Marekani mwaka 1960, akafanya kazi Umoja wa Mataifa, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Syracuse. Alikuwa na mshahara wake na nyumba yake, hakuna aliyemfukuza. FRELIMO ilipoundwa Dar es Salaam mwaka 1962 wakamchagua rais, naye akaacha yote hayo akaja kuishi pwani yetu hii. Mkewe, Janet, akaongoza Taasisi ya Msumbiji pale Kurasini, shule ya watoto wa wakimbizi. Ndiyo, wakimbizi. Wazazi wangu nao walivuka Ruvuma wakati ule, na mimi nilizaliwa Mtwara. Kwa hiyo mwenzenu hii ni mara ya pili, ya kwanza niliifanya nikiwa tumboni.

Mondlane aliandika kitabu kuhusu mapambano ya Msumbiji, kikatoka mwaka 1969. Wengi wanakitaja kwa siasa yake. Mimi nakipendea jambo jingine: ndani yake wamo watu wa kawaida wanasema wenyewe. Kuna aliyeshuhudia Wareno wakifyatulia watu risasi pale Mueda tarehe 16 Juni 1960, anaeleza alichokiona. Kuna mkulima anayesimulia pamba ya kulazimishwa. Profesa kamwachia mkulima ukurasa.

Mwenyewe hakukiona kitabu hicho kikisomwa na watu. Tarehe 3 Februari 1969, Dar es Salaam, alifungua kifurushi kilicholetwa kwa posta. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Tarehe 1 Mei 1976 chuo kikuu cha Maputo kikapewa jina lake, chuo kilichokuwa cha Wareno, ambamo zamani wanafunzi weusi walikuwa wa kuhesabika.

Katika chuo hichohicho kilianzishwa Kituo cha Mafunzo ya Afrika, na mkurugenzi wake akawa Aquino de Bragança, mzaliwa wa Goa, mwandishi wa habari aliyezunguka dunia na wapigania uhuru wa makoloni ya Wareno. Huyu ndiye aliyemleta Ruth First kuongoza utafiti, mwaka 1977. Mama huyu alikuwa Mzungu wa Johannesburg, mwandishi naye. Serikali ya makaburu ilimfunga siku 117 mwaka 1963 bila kumshtaki kwa kosa lolote. Pale Maputo akawatoa wanafunzi darasani, wengine watumishi wa serikali waliozoea meza, akawapeleka vijijini Inhambane kuwauliza wachimba migodi: ulikwenda Afrika Kusini mara ngapi, ulilipwa nini, nani alibaki analima shamba lako?

Tarehe 17 Agosti 1982 alifungua bahasha ofisini, ikalipuka, akafa palepale. Aquino alikuwemo chumbani, akajeruhiwa. Bomu lile lilitoka kwa polisi wa Afrika Kusini, na mwaka 2000 waliohusika walipewa msamaha. Sina la kusema juu ya msamaha huo, maana haukuombwa kwangu. Kitabu chake kuhusu wachimba migodi kilitoka mwaka uliofuata kifo chake. Aquino akaishi miaka minne mingine, akafa tarehe 19 Oktoba 1986 ndani ya ndege ya Samora Machel iliyoanguka Mbuzini.

Watatu hao sikuwaona kwa macho. Nimewapata kwa mwalimu wangu wa historia, naye sasa marehemu, aliyesoma Maputo miaka ile ya themanini. Alikuwa akituambia: "Usimwulize mzee ana shida gani, atakujibu unachotaka kusikia. Mwulize alilima nini mwaka ule, na kilo ilikuwa bei gani." Kituo kile kiliandika mengi juu ya uwanda wa Mueda, pamba na ushirika wao. Sisi wa pwani, katika niliyoyasoma, tuna mistari michache tu. Niliona wivu, nakiri.

Basi nikanunua daftari. Nikienda Palma, nikienda Kionga, nauliza. Wazee walinisimulia waliyorithi kwa babu zao: jinsi Tungue ilivyokuwa na bendera ya Seyyid Barghash wa Unguja, na jinsi Wareno walivyoipiga mizinga mwaka 1887 wakaitwaa. Haya vitabu wanayo. Lakini vitabu havina nani alikimbilia kisiwa gani, na nani alirudi akakuta minazi yake ina mwenyewe mwingine. Daftari lilikuwa nayo. Yakawa madaftari matatu.

Tarehe 24 Machi 2021 waliposhambulia Palma, niliokota mjukuu na chaja ya simu. Chaja! Simu yenyewe niliiacha. Madaftari yalibaki juu ya kabati. Wazee wawili niliokuwa nimewaandika walifia porini, na kwa wengine sina habari.

Hapa kambini tunaulizwa sana. Jina, idadi ya watu kaya nzima, mahitaji matatu ya kwanza. Siwalaumu watu wa fomu, mchele haugawiwi kwa historia. Ila ninyi wenye fomu mna muda na mna kalamu, ongezeni swali moja la kwenu wenyewe, nje ya karatasi, kisha mkae mlisikilize jibu lake lote.

Mimi nimeanza upya. Yule kijana wa Kikongo ananishikia simu inarekodi, nami naandika, kwa sababu betri siiamini. Wa kwanza ni bibi mmoja wa Tungue, mkewe nahodha, waliokuwa wakipeleka papa mkavu Mtwara kwa jahazi. Nikamwuliza, "Bibi, papa mmoja mlikuwa mkiuza bei gani?"

Akanitazama. "Bei baadaye, mwanangu. Andika jina la jahazi kwanza."

Akalitaja. Nikaandika.