Sukari, Mafuta na Utendaji wa Insulini Mwilini

Insulini ni homoni inayotengenezwa na kongosho. Kazi yake ni kuziwezesha seli za misuli na za mafuta kuchukua sukari kutoka kwenye damu, na kulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Mwitikio wa mwili kwa homoni hiyo ukipungua, hali iitwayo usugu wa insulini, kongosho hulazimika kutengeneza nyingi zaidi. Kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari huweza kuonekana cha kawaida. Kongosho likielemewa, kisukari cha aina ya pili hujitokeza.

Sukari ya mezani ina glukosi na fruktosi. Fruktosi huchakatwa kwa sehemu kubwa na ini, na ikizidi mahitaji hugeuzwa kuwa mafuta. Mafuta yanayolundikana katika ini na misuli huvuruga kazi ya insulini ndani ya seli. Soda ya mililita 350 huwa na takriban gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015 unaelekeza sukari inayoongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isifikie asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 kwa mtu anayetumia kilokalori 2,000.

Kwa upande wa mafuta, aina na kiasi vyote vina uzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001, uliohusisha watu 162 wenye afya njema, ulionesha kuwa mafuta yanayoganda, kama ya nyama na siagi, hupunguza mwitikio kwa insulini yakilinganishwa na mafuta ya aina inayopatikana kwa wingi katika zeituni, parachichi na karanga. Hata hivyo, faida hiyo haikuonekana kwa waliokula mafuta mengi kupita kiasi.

Usugu wa insulini unaweza kupunguzwa. Nchini Marekani, utafiti wa mwaka 2002 ulibaini kuwa watu walio hatarini waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58.

Wananchi wenye kitambi, uzito uliozidi au historia ya kisukari katika familia wanashauriwa kupima sukari mapema, bila kusubiri dalili. Wanaotumia dawa wasiziache bila ushauri wa daktari.