Waya Nyekundu Mbili

Kazi ya kuweka waya nyumbani wengi wetu hapa Salama hatukuisomea. Tuliipatia chini ya malori. Barabara ya Mombasa inapita sokoni, madereva husimama kula na kulala, na lori hutumia volti 24, yaani betri mbili za 12 zilizounganishwa. Nilianza kwa kubadilisha globu za nyuma na kukwangua kutu kwenye vichwa vya betri. Lori likiondoka, mwenye nyumba naye alikuja na shida yake, na shida yenyewe ilikuwa televisheni.

Miaka ya 1990 televisheni hiyo mara nyingi ilikuwa Great Wall, picha nyeusi na nyeupe, inayokubali volti 12. Betri ililetwa sokoni kwa baiskeli kuchajiwa, ikarudishwa kabla ya taarifa ya habari. Halafu ikaja sola. Upande wa Mlima Kenya, Mmarekani Harold Burris alikuwa akifunga paneli na kufundisha mafundi tangu katikati ya miaka ya 1980. Huku kwetu tulizipandisha juu ya mabati na kutumia waya zilezile za magari, nyekundu na nyeusi. Zilitakiwa nene: vyombo vya wati 60 huvuta ampia 5 kwenye volti 12, lakini kwenye 240 vinatosheka na robo ampia.

Stima ilitukuta tayari tuna swichi ukutani. Kampuni ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa mwaka 1922, na vijiji vikaendelea na koroboi kwa miongo mingi. Mwaka 2015 mradi wa Last Mile ukashusha ada ya kuunganishiwa kutoka Sh35,000 hadi Sh15,000. Hakuna aliyeng'oa sola, kwani nani asiyejua stima hupotea? Ndipo volti mbili zikaanza kugombania boksi moja.

"Fundi, ukuta nimeupaka rangi Desemba," mama mmoja aliniambia. "Hilo boksi la sola liko na nafasi. Ingiza ya stima hapo hapo."

"Hapo siingizi, mama."

Kisa ni rangi. Nyekundu ya betri ni chanya. Nyekundu ya stima, kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza ambao bado umejaa kwenye nyumba zetu, ndiyo yenye moto. Nyeusi nazo vivyo hivyo, moja hasi, nyingine nyutro. Fundi wa kesho akifungua boksi atajuaje? Tena mpira wa waya ya betri haukutengenezewa volti 240. Ukichubuka, moto wa stima unashuka mpaka kwenye betri iliyo chini ya kitanda, ambayo watoto wamezoea kuishika bila woga.

Waingereza waliandika kanuni zao za kwanza za waya mwaka 1882. Zile tulizorithi kwao zinataka boksi liwe na ukuta wa kutenganisha, au waya zote ziwe na mpira unaohimili volti kubwa iliyomo. Mimi naongeza boksi la pili. Bei yake haizidi sahani ya muthokoi.

Siku hizi kuna balaa jipya: globu za LED za volti 12 zenye kichwa sawasawa na za 240. Ukiichomeka upande wa stima, imekwisha. Kwa hiyo kila holda ya sola ninayofunga naiandika "12" kwa kalamu ya wino mzito, mwenye nyumba apende asipende.