Pembe ya Kulia, Pembe ya Kushoto

Mwezi uliopita mpwa wangu, aliyeanza kidato cha kwanza mwaka huu, alinifuata sebuleni na daftari lake la hesabu. "Mjomba, kama hii ni 'right angle', hiyo 'left angle' inachorwaje?"

Nilicheka, halafu nikaona aibu kwa kucheka. Mtoto alikuwa amefikiri sawasawa kabisa. Ameambiwa 'right' ni kulia na 'angle' ni pembe, na penye kulia lazima pawe na kushoto. Nikamwuliza, "Hiyo si pembe mraba?" Akanitazama kana kwamba nilikuwa nimemficha kitu. Pembe mraba anaijua tangu shule ya msingi. Ameshaipima kwa kipimapembe akapata nyuzi 90, ameitafuta kwenye kona za dawati na za dirisha. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba huyu mgeni ni yule rafiki yake wa zamani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyageuzageuza maneno ya jiometri ya shule ya msingi, na nakiri nimeyapenda kuliko nilivyotarajia. Chukua mraba. Ni neno la Kiarabu, limetoka kwenye shina la nne, lile lile lililotupa robo na arobaini. Duara nalo limetoka kwenye shina la kuzunguka, ndugu yake ni duru tunayoisikia wakati wa uchaguzi, na ndugu mwingine ni idara. (Yeyote aliyewahi kufuatilia faili la serikali hatahitaji maelezo zaidi.) Mstari ni wa ukoo mmoja na neno la Kiarabu la rula, 'mistara', ambalo pia lilikuwa jina la ubao uliotandikwa nyuzi ambao wanakili wa misahafu waliulaza chini ya karatasi, wakakandamiza, ikabaki alama ya mistari iliyonyooka. Nukta ni ile ile inayotenganisha herufi za ba, ta na tha. Hata bikari iliyomo kwenye mkebe wa mwanafunzi ilianzia Uajemi, ikapitia Uarabuni ndipo ikatufikia.

Halafu kuna maneno ambayo hayakutoka mbali. Pembe ni ya ng'ombe na ya ndovu kabla ya kuwa ya pembetatu. Katikati ya duara pana kitovu, kama cha tumboni. Mstari unaopenya duara ukapita kwenye kitovu hicho ni kipenyo. Pembetatu yenye pande mbili zinazolingana inaitwa pembetatu pacha. Pembe nyembamba ni pembe kali na iliyopanuka ni pembe butu, kama visu viwili jikoni. Pia, ile wanayoizungusha watoto mchangani, ndiyo umbo la duara chini na ncha upande wa pili. Ninalolipenda zaidi ni mche, kwa sababu mama yangu alikuwa akinituma dukani kununua mche wa sabuni, na mche wa sabuni ya kufulia ni mche mstatili hasa: nyuso sita, kingo 12, kona nane. Nilikuwa nikibeba jiometri kwenye mfuko wa rambo bila kujua.

Maneno haya hayakujikusanya yenyewe vitabuni. Mwaka 1967 Tanzania ilipoamua kwamba shule zote za msingi zifundishe kwa Kiswahili, ilibidi watu wakae chini waamue kila kitu kitaitwaje. BAKITA iliundwa mwaka huo huo, na baadaye ikatoa matoleo ya Tafsiri Sanifu yenye istilahi za fani mbalimbali. Sekondari ilibaki na Kiingereza, na imebaki nacho hadi leo.

Hapa huwa nakutana na watu wanaosema Kiswahili hakiwezi hesabu, kwamba jiometri ni ya Kiingereza kwa asili. Basi tuwaulize Waingereza. Kitabu cha Euclid kiliandikwa kwa Kigiriki, Alexandria, miaka 300 hivi kabla ya Kristo. Mapema karne ya tisa kilikuwa kimeshafasiriwa kwa Kiarabu kule Baghdad. Waingereza walikipata karne ya 12, pale Adelard wa Bath alipokitoa kwenye Kiarabu akakitia kwenye Kilatini. Toleo kamili la Kiingereza halikuchapwa hadi 1570.

Miaka 19 kabla ya hapo, tabibu mmoja mzaliwa wa Wales, Robert Recorde, alichapisha 'The Pathway to Knowledge', kitabu cha jiometri kwa Kiingereza cha watu wa kawaida. Ndiye huyu aliyetubunia alama ya sawasawa (=) mwaka 1557. Kwenye kitabu chake hakutaka Kilatini. Pembe nyembamba aliiita kali, iliyopanuka akaiita butu, na mstari unaogusa duara akauita tu mstari wa kugusa. Yaani alifanya kile kile walichofanya watu wetu karne nne baadaye! Alifia gerezani mwaka 1558 kwa sababu ya deni. Maneno yake mengi nayo hayakudumu. Wasomi walirudi kwenye Kilatini, wakasema 'acute' na 'obtuse', ambayo kwa Kilatini maana yake ni kali na butu. Mtoto wa London leo anayakariri bila kusikia kisu ndani yake. Wetu anakisikia hadi darasa la saba, kisha tunamwambia akisahau.

Nakumbuka mwalimu wangu mmoja wa kidato cha kwanza. Shuleni kwetu kuongea Kiswahili kulikuwa kosa la kuchapwa, na walimu nao walikaguliwa. Alikuwa akiandika ubaoni kwa Kiingereza, anatazama nyuso zetu, anakwenda kufunga mlango, kisha anarudi na kutueleza kwa sauti ya chini: jamani, hiki ni kipenyo tu. Darasa zima lilikuwa likipumua. Akisikia viatu vya mkuu wa shule koridoni, anarudi kwenye 'diameter' katikati ya sentensi.

Mimi na mpwa wangu tulimaliza ukurasa mzima jioni ile, kila neno la Kiingereza tukalitafutia lenzake. Tulipofika kwenye 'transversal' nilikwama, nikamwambia ni mstari unaoikatiza mistari iliyo sambamba. Aliuliza kama anaweza kuandika hivyo kwenye mtihani. Nikamwambia hapana. Akaandika hata hivyo, kwa penseli, herufi ndogondogo pembeni mwa daftari, mahali panapofutika kirahisi.