Mganga, Daktari na Dresa: Historia ya Kutoelewana baina ya Wagonjwa na Watoa Huduma za Afya katika Eneo la Mlima Meru

Malalamiko ya wagonjwa dhidi ya watoa huduma za afya nchini Tanzania mara nyingi hufupishwa kwa maneno mawili: lugha chafu. Maneno hayo yameuelekeza mjadala kwenye tabia ya muuguzi na daktari, kana kwamba heshima ikipatikana mawasiliano nayo yamepatikana. Insha hii inashikilia kwamba tatizo lina umri mkubwa kuliko muuguzi yeyote aliyepo kazini leo, na kwamba mizizi yake imo katika mgawanyo wa lugha uliowekwa na wakoloni. Eneo la Mlima Meru, kuanzia Nkoaranga hadi vitongoji vya Arusha kama Njiro, linadhihirisha jambo hilo.

Wajerumani walijenga boma la Arusha mwaka 1900. Utawala wao ulitumia Kiswahili, ilhali wamisionari wa Leipzig waliojikita Nkoaranga walithamini zaidi lugha za wenyeji. Waingereza walipotwaa nchi, Kiingereza kilikaa juu na Kiswahili chini yake. Daktari aliandika kwa Kiingereza. Dresa alieleza kwa Kiswahili. Na mgonjwa asiyejua Kiswahili, awe mzee wa Kimeru au mama wa Kiarusha, alimhitaji mtu wa tatu, pengine mwanawe mwenyewe. Ni siri gani ya mwili ambayo mama angeitamka mbele ya mwanawe? Dresa, ambaye jina lake lamkumbusha msomaji kufunga vidonda tu, ndiye aliyeamua lipi limfikie daktari na lipi liishie mlangoni.

Neno mganga nalo lina historia yake. Dola ililichukua neno la mtaalamu wa tiba asili na kulivika cheo: hadi leo kuna Mganga Mkuu wa Mkoa, naye ni daktari wa hospitali. Kwa wananchi maana ya awali haikufa. Agizo la kumwona mganga, kwa hiyo, lilielekeza njia mbili kwa wakati mmoja.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, zahanati zilisogezwa vijijini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wapatao milioni 2 kwa redio na vikundi vya majadiliano. Kwa maoni yangu hilo ndilo jaribio kubwa zaidi la mawasiliano ya afya nchini, kwa sababu wananchi walijadiliana wao kwa wao kwa Kiswahili, kisha wakachimba vyoo. Hata hivyo, mafunzo ya udaktari yaliendelea kwa Kiingereza. Mtaalamu aliujua ugonjwa kwa lugha moja, akauulizia kwa nyingine.

Madhara yake hayakuwa ya kinadharia. Utafiti uliofanyika Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulihusu degedege, ambayo wataalamu waliiona kuwa dalili ya malaria kali, ilhali wazazi wengi waliihesabu kuwa ugonjwa mwingine kabisa, unaotibiwa kwanza na waganga wa kienyeji. Bango lililosema malaria halikumgusa mzazi ambaye mtoto wake, kwa ufahamu wake, hakuwa na malaria. Hata maelezo ya dawa yana mtego: “kila saa nane” yaweza kumaanisha mara tatu kwa siku, au mara moja tu, saa nane mchana.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hospitali hazijaguswa na mageuzi ya namna hiyo. Watoto wengi wanaozaliwa Njiro leo wanakulia katika Kiswahili, hivyo mkalimani wa zamani hahitajiki tena chumbani. Lakini maelezo ya daktari katika faili bado huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye mwili hulibeba kutoka dirisha hadi dirisha bila kujua limesema nini juu yake.