Tone la Petroli kwenye Njia ya Wapagazi

Ndugu msomaji, kama umewahi kulala chumba kimoja na pikipiki inayomwaga mafuta, basi nusu ya habari hii unaijua. Harufu inakuamsha usiku wa manane kama mtu aliyekuita jina. Unawasha tochi, maana kiberiti huthubutu, unaliona tone limening'inia chini ya kabureta. Linanenepa, linadondoka. Jingine linaanza kunenepa.

Pikipiki yenyewe ni BSA M20 ya marehemu babu, hapahapa Tabora. Mashine za aina hiyo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1937, na katika Vita Kuu ya Pili zaidi ya 120,000 zilipewa majeshi. Vita vilipokwisha nyingi ziliuzwa kwa raia, na moja ikaja kumwangukia babu. Silinda moja, injini ya sisi 500, uzito kama ndama wa mwaka mzima. Babu alipofariki ikawekwa chumbani kwangu, ikakaa.

Jumatatu moja baba mdogo alitoa hukumu. Kama haitembei kufikia Jumamosi, inapakiwa kwenye lori la chuma chakavu linaloelekea Dar. Inauzwa kwa kilo.

Kwa kilo! Usiku ule sikulala, na safari hii haikuwa harufu. Nilikuwa nikiwaza kwamba hivyo ndivyo vitu vya Unyanyembe vilivyoondoka siku zote. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila zikashuka pwani. Watumwa nao walifungwa minyororo wakapitishwa njia ileile. Sasa ilikuwa zamu ya pikipiki ya babu.

Jumanne nikaingia kazini. Mimi si fundi, nimemaliza kidato cha nne na ninaandika riwaya ambayo haijapata mwisho. Nilikata gasketi mpya kwa karatasi ngumu. Ikavuja. Nikakaza kila nati niliyoiona. Ikavuja zaidi. Jumatano usiku nikakinga kopo. Asubuhi lilikuwa na robo lita nzima, na jiko la mkaa la bibi liko hatua sita tu kutoka mlangoni kwangu. Hapo nikajua mchezo umekwisha. Nikaisukuma hadi kwa mzee mmoja anayetengeneza pikipiki chini ya mwembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeanzia wapi?"

Nikamweleza: gasketi, nati, kopo. Akacheka polepole.

"Umeanzia mwisho wa njia. Tone unaliona hapa, lakini safari yake imeanzia tangini. Fuata njia."

Nikafuata. M20 haina pampu ya mafuta. Petroli hushuka kwa uzito wake kutoka tangini, inapita koki, inapita mpira, inaingia kwenye kikombe kilicho ubavuni mwa kabureta. Ndani ya kikombe kuna boya la shaba ya njano, jembamba kama ganda la yai, na sindano imepita katikati yake. Mafuta yakijaa, boya linapanda na sindano yake, tundu linazibwa. Injini ikinywa, boya linashuka, tundu linafunguka. Basi. Mambo yote yale ya kishindo na moshi yanategemea kidude kinachoelea.

Mzee akanipa utaratibu. Kwanza uchafu: kutu ya tangi ikinasa kwenye tundu, sindano haizibi. Pili, kile kitufe cha juu unachobonyeza ili mafuta yajae kabla ya kupiga kiki. Kikikwama chini, boya halipandi. Tatu sindano yenyewe: igeuzegeuze juani, ukiona alama ya mviringo kama pete, imelika. Nne ndiyo boya. Tukasafisha tundu, kitufe kikacheza vizuri, sindano ilikuwa safi. Akalichukua boya, akalitikisa karibu na sikio langu. Chwa, chwa. Boya lilikuwa limekunywa petroli. Lilikuwa likizama badala ya kuelea, kwa hiyo tundu lilibaki wazi usiku kucha.

Akalizamisha kwenye maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, mbali kabisa na moto. Vipovu vikatoka mahali pamoja, kwenye ufa ambao jicho langu lisingeuona kamwe. Halafu akalianika. "Usilehemu boya lenye petroli ndani," akaniambia, "utatuzika wote." Likashinda juani siku nzima ya Alhamisi hadi harufu ikakoma.

Siku hiyo nilipokuwa nangoja ndipo nilipoanza kuona mambo. Kabureta ya namna hii, yenye boya na mnyunyizo, ilibuniwa na Mjerumani Wilhelm Maybach mwaka 1893. Yeye na Gottlieb Daimler ndio waliounda gari la magurudumu mawili lenye injini ya petroli mwaka 1885, mwaka uleule serikali ya Ujerumani ilipoipa kampuni ya Carl Peters hati ya kushika nchi yetu. Na hapa Tabora 1893 ni mwaka gani? Ni mwaka wa Isike. Januari ile Wajerumani wakiongozwa na Tom von Prince waliivamia ngome yake, na mtemi, alipoona wameingia, akalipua ghala la baruti akiwa ndani. Huko kwao fundi anapima matone; huku kwetu jeshi linabomoa kuta. Shuleni niliukariri mwaka huo kwa ajili ya mtihani, lakini sikuwahi kuushika mkononi. Sasa nilikuwa nimeushika, nao ulikuwa na ufa.

Shaba ya boya nayo ina habari zake. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila kitu kilichopanda kutoka Bagamoyo kilikuja mabegani na vichwani mwa watu. Vitambaa, shanga, na waya wa shaba uliokunjwa pete pete, ambao huku bara uligeuzwa vikuku na vitindi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, bila kuhesabu chakula na mkeka wake. Shaba nyekundu nayo ilitoka upande wa pili, Katanga, ambako Msiri, mtu wa huku kwetu Unyamwezi, alikwenda kufanya biashara akaishia kuwa mtawala mkubwa mpaka alipouawa mwaka 1891. Wanyamwezi walisifika kwa upagazi kuliko watu wengi wa njia ile. Hawakuwa wanyama wa kubeba. Walikuwa watu wa kazi, wanaojua bei yao, na wakidhulumiwa waliweka mzigo chini wakaenda zao.

Vitabu vya darasani vilitupa majina ya wageni. Burton na Speke walitembea siku 134 kutoka pwani hadi Kazeh, wakafika Novemba 1857. Stanley alifika Kwihara Juni 1871. Sawa. Lakini nenda Kwihara, kilomita chache tu kutoka mjini, uingie katika ile tembe ambayo leo ni makumbusho, ujiulize Livingstone alikuwa akifanya nini humo mwaka 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi. Livingstone alitoka tarehe 25 Agosti. Miezi mitano na zaidi! Vitu vipo, dawa zipo, nia ipo. Alikuwa anangoja watu wa kubeba, ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka pwani. Hawakufika, safari haikuwepo. Walipofika, ilikuwepo. Na alipofariki Mei 1873, wenzake Chuma na Susi pamoja na wenzao ndio walioubeba mwili wake, wakapita Unyanyembe, hadi Bagamoyo Februari 1874.

Ndiyo maana nasema, ndugu msomaji, historia ya njia hii tumeanzishiwa mwisho, kama mimi na gasketi yangu. Tumeonyeshwa tone, yaani mgeni mashuhuri anayeonekana kwa nje. Tukifuata njia kutoka tangini tutamkuta mtu asiyeandikwa, aliyeshikilia safari yote isizame.

Ijumaa mzee akalehemu ufa. Nikarudisha kila kitu, nikafungua koki, nikangoja. Tone! Nilitaka kulia. Mzee akalipima boya kiganjani. "Lehemu imezidi. Boya likiwa zito linaelea chini, mafuta yanapita kipimo kabla tundu halijaziba." Akachukua tupa, akapunguza lehemu kidogo kidogo, anafuta, anapima, anafuta tena, hadi pakabaki doa dogo kama punje ya mtama. Nikauliza bei. Akataja kiasi kidogo, nikaona aibu, nikaongeza.

Usiku nikatandika gazeti kavu chini ya kabureta, koki wazi. Sikulala. Kila nilipomulika tochi, gazeti lilikuwa vilevile.

Jumamosi lori likaja, limejaa vitanda vilivyovunjika na sufuria zilizotoboka. Baba mdogo akaja mlangoni, akaokota gazeti, akaligeuza pande zote mbili, akalinusa. Nikapiga kiki mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu M20 ikakohoa, ikaamka, bibi akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Haya," akasema baba mdogo kwa mwenye lori, "chukueni vile vitanda tu."

Riwaya yangu bado haina mwisho, lakini sasa najua inaanzia wapi. Inaanza na mpagazi anayepanda kutoka Bagamoyo, begani ana waya wa shaba, na bado hajapewa jina. Jina nitamtafutia mimi. Nawe msomaji, kabla hujaandika juu ya mtaa wenu, kamtafute fundi wenu mzee, ukae naye chini ya mti wake, umuulize swali aliloniuliza wangu: umeanzia wapi?